Wimbi Lisilo na Povu

Wimbi katika mashairi yetu limevaa mavazi ya pwani: lina povu na kishindo, hujaa na kupwa. Mimi natungia Mwanza, kando ya ziwa lisilojaa wala kupwa kwa namna ambayo jicho laweza kuiona. Hapa, kwenye mwalo wa Kirumba, mvuvi husema tu kwamba ziwa limechafuka.

Nilipojifunza jinsi mawimbi yanavyopimwa ndani ya bandari, niligundua kwamba hata msamiati wetu una upungufu. Chombo kinachotumika ni kihisi cha kanieneo, kinacholazwa chini kabisa, sakafuni mwa bandari. Kanieneo ni neno linalojifafanua lenyewe: kani juu ya eneo. Kihisi hakioni wimbi, huhisi uzito wake. Kilele kikipita juu yake, uzito huzidi. Bonde likipita, hupungua. Kila sentimita ya maji huongeza takriban paskali 98. Hewa nayo huyalemea maji, hivyo mzigo wake huondolewa katika hesabu.

Lakini si kila wimbi hufika chini. Wimbi linalorudi kila sekunde 3 lina urefu wa mita 14 hivi, kutoka kilele hadi kilele. Katika kina cha mita 7, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya nguvu yake inayohisika sakafuni. Wimbi la dakika nzima huhisika karibu lote. Kelele za juu hufifia, na kile kirefu kisichopiga kelele hubaki.

Na hicho ndicho cha kuogopwa. Maji hupanda na kushuka polepole, bila povu, na aliyesimama gatini haoni kitu. Mwendo huo ukiafikiana na umbo la bandari, hukua, ukazivuta na kuzilegeza kamba za meli hata zikakatika. Ziwa zima nalo hufanya vivyo hivyo: upepo ukiyasukuma maji upande mmoja kisha ukatulia, huyumba kama maji katika karai.

Tuuiteje mwendo huo? Mrama ni wa chombo, si wa maji. Mkondo huenda zake. Kupwa na kujaa kuna mwezi nyuma yake. Napendekeza myumbo, kutokana na kuyumba.

Kutaja si mchezo wa maneno. Watu wa ziwa hili, waliozika wapendwa wao baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, wanajua kwamba hatari haingoji kishindo. Jambo lisilo na jina ni vigumu kumwonya mtu juu yake.

Kama wavuvi wa Ukerewe au mabaharia wa Lamu wana neno lao la kale kwa hali hii, nileteeni, enyi wapenzi wa lugha. Langu litalipisha kwa heshima.