Mali bila daftari

Wajameni, leo siasa zipumzike. Nataka tuzungumze kuhusu asilimia tano.

Tangu niache mshahara na kuanza kuandika kwa kujitegemea hapa Nairobi, swali ninaloulizwa mno na wenzangu si jinsi ya kupata habari. Wanauliza kwa nini pesa zinafika zikiwa pungufu. Mtu ameuza makala ya shilingi 30,000, kwenye akaunti zimeingia 28,500. Anaguna, anasema serikali imekula, halafu anaendelea na shughuli zake. Mimi nakataa. Hiyo 1,500 bado ni yako, ila imelazwa mahali, na wewe ndiye wa kuiamsha.

Sheria yenyewe ni rahisi. Malipo ya huduma za kitaaluma yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, anayekulipa hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Huo ndio ushuru wa zuio. Kwa mkazi wa Kenya huo si ushuru wa mwisho. Ni malipo ya awali, na hesabu kamili hufanywa unapojaza fomu ya mwaka, kabla ya Juni 30 kwisha.

Tuchukue mwaka 2024. Umelipwa 30,000 kila mwezi, jumla 360,000, na umekatwa 18,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani 28,800, lakini kila mkazi ana nafuu ya 28,800 kwa mwaka, basi zinafutana. Zilizobaki ni 72,000, zinatozwa asilimia 25, yaani 18,000. Kumbe hamdaiani!

Lakini je, uliandika makala hizo kwa hewa? Kama umetumia 60,000 kutengeneza kamera na kununua vifaa vya kazi, na una stakabadhi zinazokubalika, mapato yanayotozwa ni 300,000 na ushuru wako ni 3,000 tu. Shilingi 15,000 ni zako, unazidai KRA. Sasa fikiria yule anayejaza fomu kwamba hakuwa na mapato yoyote, eti aepuke usumbufu. Amedanganya, na bado amelipia uongo wake 15,000!

Nimesema stakabadhi zinazokubalika kwa sababu tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara hazihesabiwi bila ankara ya eTIMS. Karatasi ya mkono kutoka kwa fundi haitoshi. Ndiyo maana hata idara ya uhasibu ya gazeti inakusumbua kuhusu eTIMS: bila ankara yako, wao pia hawawezi kuhesabu malipo yako kama gharama. Unaweza kuitoa kwa simu tu, kupitia *222#.

Yote hayo yanategemea jambo moja: aliyekata awe amepeleka. Akishakata ana siku 5 za kazi kuwasilisha, kisha cheti kinaonekana kwenye akaunti yako ya iTax. Mwaka jana kuna gazeti lililonikata miezi sita mfululizo, jumla 9,000, na kwenye iTax hakukuwa na cheti hata kimoja. Niliambiwa mfumo una hitilafu. Nikaambiwa mhusika yuko likizo. Nikaambiwa nirudi Jumatatu, bila kutajiwa Jumatatu ipi.

Nikawatumia ukurasa mmoja: nambari ya kila ankara, tarehe, kichwa cha makala, kiasi kabla ya makato, kilichokatwa, kilichoingia. Sikutukana mtu. Wiki mbili baadaye vyeti vinne vilionekana. Viwili, yaani shilingi 3,000, ninavifuatilia hadi leo.

Je, ilinigharimu? Ndiyo. Kwa miezi miwili sikupewa kazi na dawati lile. Hofu ya mwandishi anayejitegemea ni hiyo hiyo, kuitwa msumbufu, na wapo wanaojua kuitumia. Tunaandika kurasa nzima kuhusu mamilioni ya umma yasiyojulikana yalikokwenda, halafu tunaona aibu kuuliza zilikokwenda elfu tatu zetu wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu ni la shilingi hamsini, lenye mistari, na kila ankara ina mstari wake. Safu ya mwisho nimeiandika "cheti", na sifungi mstari mpaka safu hiyo ijae. Kabla hujalala leo, ingia iTax uhesabu vyeti vyako, kisha uhesabu makala ulizoandika. Idadi zikikataa kulingana, usigune. Andika barua.