Baridi ya Milimani Juu ya Bunia

Ikitajwa Ituri, wengi hufikiri mara moja msitu mnene wenye joto na unyevu, na okapi wake. Msitu upo, naam, lakini uko upande wa magharibi. Msafiri atokaye Bunia kwa barabara ya kaskazini iendayo Mahagi hauoni. Aonavyo ni vilima vya majani mafupi, kimoja nyuma ya kingine, ng'ombe wakichunga, mashamba ya maharagwe, viazi na kabeji, na mistari ya mikaratusi iliyopandwa kando ya nyumba. Mji wa Bunia uko kadiri ya mita 1,275 juu ya bahari. Kasenyi, walipo wavuvi wa Ziwa Albert, pako chini sana, mita 620 tu. Lakini nyanda za Kpandroma na Rethy hukaribia mita 2,000, na vilele vyake huipita hesabu hiyo. Samuel Baker alipofika ziwani mwaka 1864 kutoka upande wa Uganda, aliitazama milima hii ng'ambo ya maji, akaiita Milima ya Samawati. Yeye aliiona kwa mbali. Baridi yake hakuionja.

Sisi tuliionja. Tulitoka Bunia adhuhuri, watu watatu na makasha ya vitabu vya shule, katika jipu letu la dizeli lenye silinda sita, ambalo halijapata kutukatalia hata siku moja. Tukapita Iga-Barrière, na baadaye Fataki, tukisimama kila kizuizi kuonyesha karatasi. Nchi hii imeteseka sana. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliua watu kwa maelfu, mauaji yakarudi tena tangu mwisho wa mwaka 2017, na mwezi wa Mei 2021 serikali ililiweka jimbo lote chini ya utawala wa kijeshi. Njiani tuliona kuta zisizo na paa, na migomba imeota ndani yake. Kwa sababu hiyo wenyeji hawasafiri usiku, nasi tuliambiwa tusijaribu.

Jua lilipokuwa likitua tulifika kijiji kimoja juu ya mgongo wa mlima, mbele ya Kpandroma, tukapokewa na mwalimu mzee mstaafu. Ukungu ulipanda kutoka upande wa ziwa kama moshi wa jiko. Tulikaa jikoni karibu na moto, tukala viazi na maharagwe, tukalala na makoti yetu. Alfajiri hewa ya huko hushuka mpaka digrii 10 hivi, na mtu wa Bunia huona kama ni barafu.

Yapata saa nane ya usiku tulisikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa jirani, mkwewe yuko katika uchungu tangu jana asubuhi. Mkunga alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, sharti wafike hospitali.

"Papa mwalimu," alisema, "tumeona motakaa ya wageni wako."

Mwalimu alitutazama. Njia ya hospitali ilikuwa ya saa moja kwa gari, lakini usiku huo hakuna ambaye angethubutu kuishika. Tukaahidi: mwanga wa kwanza ukionekana, tutaondoka.

Mwanga ukaonekana. Dereva wetu akazungusha ufunguo. Stata ikaguna mara mbili, pole pole, kama mzee anayeinuka kitini, kisha ikanyamaza. Akajaribu tena, hata kuguna hakuna.

Wanaume wa jamaa ile hawakusema neno la kutulaumu. Walitazama kidogo, wakaenda wakaleta kipoyi, wakamlaza mgonjwa, wakafunika blanketi, wakaanza kuteremka njiani kwa miguu. Tuliona haya isiyo na kipimo. Lakini twasema kweli, walifanya yaliyo sawa. Ahadi ya motakaa isiyowaka haimsaidii mzazi.

Dereva alitaka kuwasha moto wa kuni chini ya injini. Tulimkataza, kwa kuwa jipu lenye mafuta yanayotiririka kidogo huweza kuungua lote, na nyumba ya mwalimu ilikuwa ya nyasi. Kijana mmoja alisema huko Bunia huuzwa dawa ya kopo ya kupulizia penye hewa. Hiyo nayo ni hatari katika injini za namna hii: ikikutana na plagi zenye moto hulipuka mahali isipotakiwa.

Basi tukafungua kifuniko, tukatazama betri kwanza. Kumbe vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe na wa kijani, na waya mmoja ulitikisika kwa kidole. Tuliuchomoa, tukaosha kwa maji ya moto yaliyotiwa majivu ya jikoni, maana majivu hushinda asidi, tukakwangua kwa kisu hata risasi ikang'aa. Tukafunga kwa nguvu. Stata sasa ilizunguka vizuri, ila injini haikushika. Ilitoa moshi mweupe tu.

Moshi mweupe ni habari njema nusu. Maana yake mafuta, au mazutu kama wasemavyo huku, yanafika, lakini hayaungui. Wasomaji wengine watajua ya kwamba injini ya dizeli haina cheche. Husonga hewa ndani ya silinda mpaka iwe sehemu moja ya ishirini na zaidi, na hewa ikisongwa hivyo hupata moto wa kuwasha mafuta. Chuma kikiwa baridi hunyonya moto ule. Kwa hiyo kila silinda ina plagi yake ya joto, kijiti cha chuma kinachopashwa na betri kabla ya kuwasha. Tulichukua taa ndogo ya breki na vipande viwili vya waya, tukaigusisha kila plagi kwa zamu na betri. Plagi nzima huiwasha taa, iliyokufa haiwashi. Katika sita, mbili tu ziliwasha. Nne zilikuwa zimekufa, nani ajuaye tangu mwezi gani. Mji wa Bunia, kwa uvuguvugu wake, ulikuwa umetuficha ugonjwa.

Plagi za akiba hatukuwa nazo. Mbele ya nyumba ulikuwapo mteremko wa hatua mia mbili hivi, na mwisho wake kijito. Gari likiteremka bila kuwaka, litabaki bondeni. Hivyo nafasi ilikuwa moja. Tulimwaga maji ya rejeta katika ndoo, mke wa mwalimu na binti zake wakayapasha katika sufuria kubwa, si ya kuchemka, yenye moto wa kuvumilika kidogo mkononi, tukayarudisha pole pole. Tukangoja injini ivute joto. Kisha wote tukasukuma. Dereva aliongoza, gia ya tatu, klachi imekanyagwa. Alipopata mwendo akaiachilia. Jipu likaruka, likakohoa, likakohoa tena, moshi ukafunika njia yote. Karibu na kijito tulisikia mngurumo.

Tuliwafikia wale wachukuzi nyuma ya kilima cha pili, jasho likiwatoka katika baridi ile. Makasha ya vitabu tulikuwa tumeyaacha kwa mwalimu. Tulimweka mama nyuma juu ya magodoro, mama mkwe amemshika kichwa, na dereva hakuzima injini mpaka mlangoni pa hospitali, wala hata hapo. Saa sita ya mchana muuguzi alitoka akatuambia ni msichana, na ya kuwa mama yu hai, amepoteza damu nyingi.

Huko Bunia fundi wa sokoni alitubadilishia plagi zote sita, akitucheka. Dereva wetu hadi leo, hata akisimama mjini mahali palipo tambarare kama meza, huzunguka kwanza akitafuta penye mteremko.