Handaki la SSH linalojiamsha lenyewe

Leo tuzungumze kuhusu kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, na jinsi ya kuifanya njia hiyo ijitunze yenyewe.

Mama yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Voi. Mimi niko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Hesabu zake zimo kwenye kompyuta ndogo ya Linux, na intaneti ni ya modemu ya laini ya simu. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu, hazitutoshi, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiwa Nairobi huna mlango wa kubisha hodi. Lakini ile ya Voi inaweza kutoka nje yenyewe, na hapo ndipo SSH inatufaa.

SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Wengi wetu tunatumia OpenSSH, iliyotolewa mwaka 1999 na watu wa OpenBSD. Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha kule Voi:

ssh -N -R 2222:localhost:22 handaki@seva

Yaani: usiendeshe amri yoyote kwenye seva, ila poti yake 2222 ilete hadi poti 22 ya hapa. Nikiingia kwenye seva na kuandika ssh -p 2222 localhost, niko Voi!

Haya, stima ikipotea je? Amri inakufa. Tena mtandao ukikatika kimyakimya, amri hubaki imesimama kama hai kumbe ni maiti. Dawa ni kuifanya huduma ya systemd. Ndani ya faili handaki.service, amri ile inakaa kwenye ExecStart, na chini yake:

Restart=always
RestartSec=10

Kwenye amri yenyewe ongeza -o ServerAliveInterval=30 na -o ServerAliveCountMax=3, ili seva isipojibu kwa kama sekunde 90, ssh ikubali kufa. Ongeza pia -o ExitOnForwardFailure=yes. Bila hiyo, poti 2222 ikiwa bado imeshikwa na muunganisho wa zamani, ssh itaunganika bila handaki, na systemd itadhani mambo ni shwari. Kabla ya yote, unganisha mara moja kwa mkono ukitumia akaunti ileile ya huduma, maana ssh itauliza kama unaitambua seva, na huduma haina mdomo wa kujibu. Kisha: systemctl enable --now handaki.

Sasa usalama. Hakuna mtu wa kuandika nywila saa nane za usiku, kwa hiyo ufunguo wa huduma hauna nywila. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba na ufunguo. Basi kwenye seva, mbele ya ufunguo huo ndani ya authorized_keys, niliandika:

restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2222",command="/bin/false"

Na kwenye sshd_config, mtumiaji huyo amepewa AllowTcpForwarding remote peke yake. Hawezi kuendesha amri wala kupitia seva kwenda kwingine. (permitlisten inahitaji OpenSSH 7.8 ya mwaka 2018 au mpya zaidi.)

Nilipomweleza mama, aliuliza swali moja: "Kwa hivyo mwanangu, una ufunguo wa duka langu mchana na usiku?"

Ni kweli, ninao. Hata mtoto wa kuzaa hapaswi kuingia dukani bila mwenyewe kujua. Uzuri ni kwamba handaki hili linaanzia ndani, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye mwenye komeo. Restart=always haimpingi: akiisimamisha huduma kwa systemctl, hairudi yenyewe, na akiongeza disable haitaamka hata kompyuta ikiwashwa upya. Nilimwekea kitufe cha kufunga kwenye skrini na kingine cha kufungua. Siku hizi hulifunga akimaliza hesabu za jioni, na mimi nikitaka kuingia nampigia simu kwanza.

Ukimjengea mtu handaki, mwonyeshe linavyofungwa siku hiyohiyo.