Kimbunga Hidaya na Mlima Sekenke

Sisi wa Sekenke hatuna bahari. Tuna mlima, na chini yake mbuga ya Wembere, ambayo masika hujaa maji kiasi cha kumdanganya mgeni. Watu hunishangaa mimi, mkulima wa mtama na alizeti, ninavyofuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Sababu yangu ni moja: mdogo wangu. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua mafuta ya alizeti huku kwetu Singida, akiyateremsha hadi Nyamisati, kisha akivuka nayo kwa mashua kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia.

Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipokuwa kikielekea pwani yetu, nilimpigia simu nikamsihi asivuke. Alinisikiliza. Alikaa Nyamisati siku nne akila mtaji wake, na Jobo kikafifia baharini. Tangu hapo, kila tulipozungumza alinitania: "Kaka, kimbunga chako kimefika wapi?" Nilicheka naye, lakini utani ule uliniingia.

Ni kweli kwamba vimbunga ni wageni wa nadra kwetu. Kimbunga hula joto la bahari, lakini ili kizunguke kinahitaji pia msukumo wa mzunguko wa dunia, na msukumo huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Kwa hiyo vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Lakini nadra si kamwe. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, na Lindi mwaka 1952. Tena watabiri hawaapi. Njia ya kimbunga huichora kama ufagio: mwembamba mshikioni, mpana nchani. Leo wanajua kilipo. Kesho kutwa wanajua tu kinaweza kuwa kati ya hapa na pale. Hewa kavu ikikiingia, au pepo za juu zikivuma kinyume na za chini, kinaweza kukatika njiani.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza mgandamizo mdogo wa hewa mashariki ya pwani ya Mtwara. Nilichukua atlasi ya mjukuu wangu, nikawa natia nukta kwa penseli kila taarifa ilipotoka redioni. Nukta zikawa zinakuja kwetu. Kikapewa jina la Hidaya, yaani zawadi. Ijumaa tarehe 3, upepo wake ulikuwa umezidi kilomita 100 kwa saa.

Hapa nakiri jambo ambalo sikumwambia mtu. Tangu Alhamisi simu ilikuwa mkononi mwangu, nami sikupiga. Niliogopa kuchekwa. Nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima na redio anayo. Ijumaa usiku nilipopiga, namba yake haikupatikana.

Sikulala. Nilisikia malori yakisimama kule juu mlimani, na sauti za watu wakigonga magurudumu. Tangu utoto wangu nimewaona madereva wakisimama pale, wakikagua breki kabla ya kuteremka. Mara nyingi hawakuti kasoro yoyote. Sijamsikia hata mmoja akilalamika kwamba amesimama bure. Wanajua walioteremka bila kusimama waliishia wapi. Mbona basi mdogo wangu na mimi tuliihesabu ile simu ya 2021 kuwa kosa? Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari; hawakusema kwamba hatari lazima ije.

Jumamosi tarehe 4 Hidaya kiliingia Mafia, kisha kikapoteza nguvu. Mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, wasafiri wakakwama. Jumapili mchana simu yangu ikaita.

"Nipo Nyamisati, kaka. Nahodha alikataa kung'oa nanga. Simu iliniishia chaji."

Nilishukuru, nikamuuliza kama yeye mwenyewe alikuwa tayari kuvuka.

"Nilikuwa nimeshapakia," akasema. "Redio niliisikia. Lakini wewe hukupiga, nikasema basi, hata kaka ameona hakuna kitu."

Nilikosa la kujibu. Nilidhani kunyamaza kwangu ni kutosema neno, kumbe alikisikia kimya changu kama taarifa, akakiamini kuliko ya redioni. Aliyemwokoa ni nahodha ambaye hakuogopa kuonekana mwoga mbele ya abiria wake.

Siku hizi nukta ikianza tu kuelekea magharibi, napiga. Mdogo wangu hucheka, huniuliza kimbunga changu kimefika wapi. Nami humsomea kilipo, bila haya. Kikifa baharini, tunashukuru, anapakia mafuta yake na kuvuka.