Anza na Majike

Mpwa wangu mpendwa,

Habari kwamba umeamua kuzalisha punda hapo Mbita imenifurahisha, na imenifurahisha zaidi kwamba umechagua punda wa kienyeji badala ya farasi. Usubi wa nchi za joto na maji hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, nao huua farasi wengi wanaoambukizwa, ilhali punda wa kwetu mara nyingi huupitia bila kuonyesha hata dalili. Hapo uliona mbali. Nisilokubaliana nalo ni mpango wako wa kutumia karibu fedha zote kununua dume mkubwa wa kutoka mbali, kisha kumkusanyia majike wowote watakaopatikana sokoni kwa bei rahisi. Naona mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Majike ndio zizi, okewo, mpwa wangu. Dume huazimwa.

Tupige hesabu pamoja, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12, wakati mwingine 13 au hata 14, na huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni nadra, na wakitokea mara nyingi hawaponi. Tuseme jike wako anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka 4, anaendelea kila baada ya miaka 2 mpaka afike 16. Hao ni watoto 7 maisha yake yote, na karibu nusu yao ni madume. Ondoa mimba zinazoharibika na watoto wanaokufa kabla ya kuachishwa ziwa, utabaki na mabinti wawili, au watatu ukibahatika. Ng'ombe akikuharibikia mwaka mmoja unaweza kujifariji kwa maziwa na ndama wa mwaka ujao. Mbuzi ndiye kabisa, hukurudishia hasara upesi. Kwa punda, kumuuza jike mmoja mzuri ili kulipa karo ni kukata mti uliochukua miaka kumi kukua.

Kenya nzima imeliona hilo kwa macho. Machinjio ya punda yalipofunguliwa kwa ajili ya soko la ngozi la China, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977. Walikuwa wakichinjwa kwa kiwango cha asilimia 5.1 kwa mwaka, na ongezeko lao lilikuwa asilimia 1.04 tu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Atakayekushauri ufuge kwa ajili ya ngozi, mwonyeshe hizo takwimu mbili, 5.1 na 1.04. Tumbo la punda halikuumbwa kwa kasi ya kiwanda.

Utasema dume mkubwa atakupa watoto wakubwa, na mkokoteni unataka nguvu. Hoja hiyo ina uzito, lakini sikiliza jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1938. Watafiti Walton na Hammond waliwachanganya farasi wakubwa wa Shire na farasi wadogo wa Shetland, kwa njia zote mbili. Mtoto wa mama mdogo alizaliwa mdogo ingawa baba yake alikuwa jitu, mtoto wa mama mkubwa alizaliwa mkubwa, na tofauti hiyo haikufutika hata walipokua. Punda na farasi ni jamii moja, kwa hiyo fedha zako zitanunua umbo zaidi zikienda kwa mama mwenye kifua kipana, mgongo ulionyooka na kwato ngumu. Isitoshe, mwili mkubwa unadai malisho kila siku, na kiangazi cha Mbita hakijali mnyama ametoka wapi. Dume wako mwenyewe atakula mwaka mzima kwa kazi ya siku chache, na baada ya miaka mitatu minne mabinti zake watakuwa tayari kupandwa wakiwa zizini na baba yao. Azima dume kutoka upande wa Gwassi mwaka huu, na miaka michache baadaye utafute mwingine kwingineko.

Pingamizi gumu zaidi ni la fedha: jike mwenye mimba asiyebeba maji kutoka ziwani anakulipa nini? Watu husema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Msemo huo unamfaa mchukuzi. Mzigo wako wewe umo tumboni mwa punda, na sehemu kubwa ya uzito wake huongezeka miezi mitatu minne ya mwisho; hapo jike asibebeshwe wala asifungwe mkokoteni, na apumzike pia anaponyonyesha mtoto mchanga. Mkokoteni wa maji, omena na saruji uvutwe na madume uliowahasi. Bodaboda wamechukua abiria, kweli, lakini vilima vya Gembe bado vina njia ambazo mtungi wa maji haupandi kwa pikipiki bila hasara ya petroli.

Unapochagua, nenda kwa wafugaji wa ukingo wa bonde la Lambwe, jirani na hifadhi ya Ruma, kwenye mbung'o. Punda naye hupata nagana inayoenezwa na mbung'o hao. Lakini jike aliyezaa na kulea watoto wawili watatu kule, na mwili wake ukabaki mzima, amefanya mtihani ambao dume wa kutoka mbali hajaufanya. Uliza watoto wake wako wapi kabla ya kuuliza bei. Nyumbani panda desmodi katikati ya mahindi na matete pembeni, kilimo cha sukuma-vuta kilichokuzwa na kituo cha utafiti cha icipe hapo hapo Mbita: kitapunguza gugu la kayongo na viwavi wa mabua shambani, na majike wanaonyonyesha watapata kitu cha kijani wakati nyasi zimekauka.

Nunua majike wanne tu kwanza, na daftari. Kila mtoto aandikwe chini ya jina la mama yake, pamoja na siku mama alipopandwa na siku alipojifungua. Nikija Desemba nitaomba kuliona.

Mjomba wako