Watoto wa Dawati la Nyuma

Mwaka 1992, tulipopelekwa mazoezi ya kufundisha kutoka chuo cha ualimu, tulifika shuleni tumebeba chati za karatasi za manila, vijiti vya kuhesabia na maandalio ya masomo yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Asubuhi ya kwanza mwalimu wa zamu alitukabidhi chaki na fimbo kwa pamoja, wala hakuna aliyeona ajabu. Heshima iliyohubiriwa siku zile ilikuwa ya upande mmoja: mwanafunzi amheshimu mwalimu. Kwamba mwalimu naye anadaiwa heshima na mtoto, hilo halikuwa na kipindi kwenye ratiba.

Siku ya mkufunzi kuja kututathmini ndiyo iliyofichua mengi. Habari za ujio wake zilimtangulia, na wenyeji wetu wakatupa mbinu. Wasiojua kusoma watolewe wakachote maji au wakafyeke nyasi, darasa libaki na wepesi. Somo la jana lirudiwe kana kwamba ni jipya. Swali likiulizwa wote wanyooshe mikono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili mwalimu wa mazoezi ajue wa kumwita. Watoto walitii. Waliobaki ndani walifundishwa kudanganya na watu wazima waliowaamini, na waliokuwa bombani wakaelewa kwamba wao ni aibu ya kufichwa mgeni akija.

Mkufunzi wetu wa Hisabati aliyajua yote hayo. Aliingia darasani kwa mwenzangu, akasoma kwenye andalio idadi ya walioandikishwa na waliohudhuria, akahesabu vichwa, akauliza wengine wako wapi. Hakukubali kipindi kianze mpaka walipoitwa wakarudi, mikono bado ina majimaji. Kisha akaketi dawati la nyuma kabisa na kuomba daftari la mtoto aliyekaa naye. Jioni alitukusanya ofisini. Alisema sisi tukiharibu tutapangiwa mazoezi mengine, lakini mtoto tuliyemfundisha vibaya leo hakuna atakayerudi kesho kumfundisha upya. Kauli ile ndiyo iliyoniongoza katika ualimu wangu wote.

Sheria zilifuata taratibu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziliagiza visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi, na kila adhabu iingizwe kitabuni. Hata hivyo fimbo ilibaki juu ya makabati ya ofisi nyingi, na aliyetaka aliichukua. Oktoba 2016 nchi nzima ilitazama video iliyorekodiwa katika shule ya sekondari jijini Mbeya, walimu wa mazoezi wakimchangia mwanafunzi kipigo ofisini. Waliohusika walifukuzwa vyuoni. Wengi walisema vijana wale wamekosa malezi. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mwalimu wa mazoezi hufanya lile analoona wenyeji wake wanaliruhusu.

Shuleni kwetu utaratibu ulibadilika tangu hapo. Mwanachuo akifika, wiki ya kwanza hafundishi. Anakaa nyuma ya darasa, anatazama, anajifunza majina kwa daftari la mahudhurio. Mtoto anayeitwa kwa jina lake hajibu kwa sauti ile ile ya anayeitwa "wewe mwenye sweta lililochanika". Mwanachuo anaambiwa asitangaze alama za mtihani mbele ya darasa, asigeuze shida za nyumbani kwa mtoto kuwa maongezi ya ofisini, asimwite mwanafunzi nyumbani kwake, na asimpige picha kwa simu akaiweka mtandaoni.

Mabadiliko niliyoyaona wazi zaidi yako kwenye andalio la somo. Enzi zetu nafasi ya tathmini ilijazwa hata kabla ya kipindi: somo limeeleweka kwa asilimia 80. Darasa lolote, siku yoyote, asilimia 80. Mwaka jana nilimlea binti aliyefundisha darasa la tano kujumlisha sehemu. Aliposahihisha madaftari alikuta wengi wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hata nusu na theluthi zikawapa mbili ya tano. Aliandika kosa lenyewe, akaorodhesha majina, akaongeza kwamba kesho ataanza kwa kukunja karatasi. Kesho yake mkufunzi akaja. Binti yule akarudia somo lile lile, darasa zima likiwa ndani, na akaanza kwa kumwomba mmoja wa waliokosa aeleze alivyofikiri. Sisi tulirudia somo ili tuonekane hodari. Yeye alirudia kwa sababu lilikuwa halijaeleweka.

Kanuni za maadili ya ualimu zisomwe vyuoni na zibandikwe ukutani, ni sawa. Lakini wakufunzi na walimu walezi tuwe na swali moja tunapotoa alama za mazoezi: watoto wa darasa hili, pamoja na wale wa nyuma, wamepata nini wiki hizi? Kama hawakupata kitu, mwanachuo hajafaulu hata chati zake zikipendeza vipi, na sisi tuliompokea tumefeli pamoja naye.