Gari lililia miezi miwili, baba akaongeza sauti ya redio

Kwa miezi miwili Probox ya familia moja ya Tunduma ilikuwa ikivuma kwa nyuma. Mvumo ulianza polepole na kupanda kadiri mwendo ulivyopanda, na barabara ikikata kona kwenda kulia ulizidi. Baba mwenye gari alikuwa na dawa yake: kuongeza sauti ya redio.

Mkewe alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Kliniki ilimpa rufaa kwenda Mbeya kwa sababu presha yake ilianza kupanda. Ni safari ya kilomita zipatazo 100 kupitia Vwawa, Mlowo na Mbalizi, katika barabara ile ile ya malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo. Wakati wa kurudi kuna mteremko wa Iwambi, ambao kila dereva wa huku anaujua.

Aliyevunja ukimya ni mtoto wao wa miaka tisa, jioni moja wakitoka Mpemba. "Baba, mbona gari linalia upande wangu tu?" Alikuwa amekaa nyuma kushoto. Baba hakujibu.

Usiku, watoto walipolala, mama aliuliza mwenyewe. "Baba, hili gari lina nini?" Ndipo mume akasema. Siku alipokwenda kubadilisha oili, fundi alishika tairi la nyuma kushoto juu na chini, akalitikisa, likacheza. Alimwambia beringi imekufa na ngoma za breki za nyuma zimeliwa. Pesa iliyokuwepo ilikuwa ada ya binti yao aliye bweni, akailipa shuleni na kunyamaza.

"Sikutaka kukuongezea mawazo na hali uliyo nayo," alisema.

"Mawazo ninayo tayari, mume wangu. Bora nijue ninachokiwaza."

Hawakugombana. Walichukua daftari, wakaandika bei za spea, gharama ya fundi na nauli ya basi endapo gari lisingekuwa tayari. Mama akakopa kidogo kwenye kikoba chake. Mabati ya jiko yakasogezwa mbele. Jambo lililomlemea mume peke yake kwa miezi miwili lilimalizika kwa mazungumzo ya nusu saa.

Asubuhi walikwenda gereji wote watatu. Fundi aliweka mawe kwenye matairi ya mbele, akainua nyuma kwa jeki na kuegemeza gari kwenye stendi, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingiza mikono chini. Alishusha handbreki, akatoa tairi. Ngoma ilikuwa imeshikwa na kutu, akaing'oa kwa kukaza bolti mbili kwenye matundu yake.

Ndani kulikuwa na jibu la miezi miwili. Viatu vya breki vilikuwa vimeisha hadi chuma, na chuma kimechimba mifereji kwenye ngoma. Beringi iliyolegea ilifanya tairi liyumbe, na kuyumba huko kukavila viatu upande upande. Ngoma iliyochimbika kidogo inaweza kukerezwa, lakini nyingi zimechapwa namba ya kipenyo cha mwisho, na hii ilikuwa imeshaipita.

Fundi alichukua mpira wa kompresa apulize vumbi. Mtoto alikuwa amechuchumaa pembeni akitazama.

"Subiri kwanza, fundi," mama alisema, akamvuta mwanawe.

"Mama, sisi tumeshazoea haya."

Hapo mama alikuwa sahihi. Baadhi ya viatu vya breki, hasa vya zamani na spea zisizojulikana zilikotoka, vina asibesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asibesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Aliyezoea vumbi hilo hajakingwa nalo. Njia salama ni kulilowesha kwa maji na kulifuta kwa kitambaa kibichi, si kulipuliza, na nguo za gereji zisifuliwe pamoja na za watoto. Fundi alitikisa kichwa, akaenda kuchota maji.

Baba aliuliza kama wangeweza kubadilisha upande wa kushoto tu. Fundi alikataa kwa ngoma na viatu: breki mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hazishiki sawa, na gari linaweza kuvuta upande ukifunga ghafla. Beringi ya kulia ilikuwa nzima, akaiacha. Ya kushoto ilikuja pamoja na habu yake, imefungwa kwa bolti nne. Ngoma mpya alizisafisha mafuta ya kuzuia kutu kabla ya kuzifunga, kisha akarekebisha handbreki. "Siku za kwanza funga breki taratibu," alimwambia baba, "na ukifika mbali kaza nati za tairi tena."

Jumatano walikwenda Mbeya. Kabla ya kuingia hospitali, baba alitoa spana akakaza nati zote. Presha ya mama ilikuwa imepanda kidogo, akapewa dawa na tarehe ya kurudi.

Wengi wetu tunadhani kumpenda mwenzako ni kumficha habari mbaya. Lakini mwenzako amekaa kwenye gari hilo hilo, na watoto wako nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mnaouona wawili huzibwa mapema. Ukisikia mvumo unaopanda na mwendo, tairi moja likiwa la moto kuliko mengine, au handbreki ikivutwa juu kuliko kawaida, liseme nyumbani siku hiyo hiyo.

Waliposhuka Iwambi baba aliweka gia ndogo, akafuata lori lililokuwa mbele bila haraka. Redio ilikuwa imezimwa. Mtoto alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango wa kushoto.